Nguo Husukuma, Haivuti: Kipi Tutegemee kwa Roboti Laini za Kusaidia Kupumua

Tumbo la mtu ukilibonyeza, linabonyea. Ukitaka kulivuta nje, huna pa kulishika. Jambo hili dogo ndilo linaloamua kazi ya zile roboti laini za kuvaliwa ambazo kila mwaka tunaahidiwa kuwa zitawaondoa wagonjwa kwenye mashine za kupumulia. Kuvuta pumzi ni kupanua kifua na kushusha kiwambo, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo. Kutoa pumzi ni kinyume chake. Vazi lililofungwa juu ya ngozi linajua mambo mawili tu, kukaza na kulegeza. Kwa hiyo linaweza kumsaidia mtu kutoa pumzi, lakini kwenye kuvuta humsaidia kwa njia ya kuzunguka tu. Nani anafaidika na njia hiyo na nani anaumizwa nayo, hapo ndipo wachuuzi wa teknolojia hupita haraka.

Kwanza vifaa vyenyewe. Msuli bandia maarufu kuliko yote hubeba jina la Joseph McKibben, mwanafizikia Mmarekani aliyeutengeneza miaka ya 1950 ili kumsaidia binti yake aliyepoozwa na polio. Ni mpira uliovalishwa wavu wa nyuzi zilizosukwa kwa mshazari. Ukijazwa hewa unanenepa na papo hapo unafupika, kwa kawaida kati ya robo na theluthi ya urefu wake, na kufupika huko hukoma pembe ya nyuzi ikifika karibu digrii 54.7. Aina ya pili ni mfuko bapa wa kitambaa cha nailoni kilichopakwa plastiki, kingo zake zikiwa zimeunganishwa kwa joto. Huo haufupiki sana, unavimba. Ya tatu haitumii hewa kabisa: mota ndogo inavuta kamba zilizopitishwa ndani ya mkanda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Seoul waliochapisha mfumo wao wa Exo-Abs mwaka 2022 walikwenda tumboni moja kwa moja: vazi linabana tumbo kwa kufuata jitihada za mvaaji mwenyewe. Nadhani walichagua mahali sahihi.

Waliotaka kuvuta walilazimika kufanya moja kati ya mambo mawili. Philip Drinker na Louis Shaw wa Harvard, mwaka 1928, walimfungia mgonjwa ndani ya pipa la chuma hadi shingoni kisha wakapunguza shinikizo la hewa ndani yake. Kifua kikapanuka chenyewe. Ganda gumu la kufunika kifua pekee lilifuata kanuni ileile, na taabu yake hadi leo ni hewa kupenya pembeni kila mgonjwa anapogeuka. Vyote viwili hufanya kazi kwa sababu ni vigumu na vimezibwa. Ukivilainisha, vinabonyea vyenyewe badala ya kukivuta kifua. Njia nyingine ni kuingia ndani ya mwili. Mwaka 2022 maabara ya Ellen Roche pale MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, ilitangaza misuli ya McKibben iliyopandikizwa juu ya kiwambo cha nguruwe na kutiwa nanga kwenye mbavu, ikikisukuma kiwambo chini kila mnyama alipovuta pumzi. Kazi nzuri sana, ila hilo ni pandikizi la upasuaji, na huwezi kulivua jioni ukalitundika ukutani. Habari za utafiti ule zilipoanza kuzunguka mitandaoni, kupandikizwa na kuvaliwa vilichanganywa kana kwamba ni kitu kimoja.

Sasa hiyo njia ya kuzunguka. Mtu mzima akipumua kwa utulivu huingiza na kutoa karibu mililita 500, mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akimaliza kutoa pumzi ya kawaida, bado kuna hewa anayoweza kuisukuma nje akikaza tumbo, lita 1 na kidogo kwa kijana mwenye afya. Mkanda unachofanya ni kuichukua sehemu ya hewa hiyo ya akiba. Unabana, matumbo yanapanda, kiwambo kinasukumwa juu, hewa inatoka zaidi ya kawaida. Kisha unalegea ghafla. Uzito wa matumbo unakivuta kiwambo chini, ukuta wa kifua unarudi kwenye umbo lake, na hewa inaingia bila misuli kufanya kazi. Hiyo ndiyo pumzi ya bure. Mikanda ya kuvimba ya tumboni ilitumika hivyo kwa wagonjwa wa polio na waliovunjika shingo miongo mingi kabla neno roboti laini halijavuma. Roboti ya leo inaongeza vihisi, programu na kitambaa bora, fizikia haijabadilika.

Kinachotangazwa kuwa tatizo la usanifu, mara nyingi ni mpaka wa fizikia hiyo. Mgonjwa akilazwa chali, matumbo hayateremki tena kukivuta kiwambo, na akiba yenyewe imeshapungua kwa kulala tu. Ndiyo maana mkanda wa tumbo hufanya kazi mgonjwa akiwa ameketi, na hupoteza karibu faida yake yote akilala. Mtu mnene sana ana akiba ndogo hata akiketi, kwa kuwa mafuta ya tumboni yameshaichukua. Kwa wazee kuna kikwazo kingine kisichotajwa: mirija midogo ya chini ya mapafu huanza kufunga hewa ikipungua chini ya kiwango fulani, na kiwango hicho hupanda na umri. Kufikia takriban miaka 65 mirija hiyo hufunga hata katika pumzi ya kawaida ya mtu aliyeketi. Kwa aliyelala, huanza mapema, karibu miaka 44. Kumbana mzee ili kutoa hewa ya akiba basi ni kuifunga mirija ya chini ya mapafu yake kila pumzi. Kipimo cha oksijeni kidoleni kinaweza kushuka ilhali mkanda unafanya kazi sawasawa.

Kundi ambalo lingependa sana kifaa hiki ndilo ambalo ningelizuia kwanza: wagonjwa wa pumu kali na wa ule ugonjwa sugu wa mapafu uitwao COPD, unaotokana na sigara, moshi wa kuni na vumbi la kazini. Kwa haraka mtu husema: shida yao ni kutoa hewa, na mkanda husaidia kutoa hewa, basi tuwavalishe. Lakini hewa yao haijanaswa kwa kukosa nguvu ya kusukuma. Imenaswa kwa sababu mirija ni myembamba na imepoteza uthabiti. Shinikizo la mkanda haliishii ndani ya vifuko vya hewa. Linaizunguka na mirija yenyewe kutoka nje. Mahali shinikizo la nje linapozidi la ndani, mrija unajikunja, na kuanzia hapo ukibana zaidi hupati hewa zaidi hata kidogo. Wagonjwa hawa hujifunza wenyewe kutoa pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa, ili kubakiza shinikizo ndani ya mirija. Mkanda unaoharakisha unavuruga hila hiyo. Huenda siku moja mtu akatengeneza programu ya kubana taratibu mno inayowafaa baadhi yao. Atakayesema ameshaitengeneza aonyeshe kiasi cha hewa kilichobaki kifuani kabla na baada, si uso wa mgonjwa anayetabasamu.

Anayefaidika ni mwenye mapafu mazuri na misuli dhaifu. Mishipa ya fahamu inayoendesha kiwambo hutoka kwenye pingili za shingo za tatu, nne na tano. Mtu aliyeumia uti wa mgongo chini kidogo ya hapo anabaki na kiwambo kinachofanya kazi, lakini amepoteza misuli ya katikati ya mbavu na ya tumbo. Anavuta pumzi, tena vizuri kiasi, ila hana nguvu ya kukohoa. Wapo pia wenye magonjwa ya misuli kudhoofika ya kurithi, na wa ALS, ugonjwa unaoua taratibu mishipa ya fahamu inayoendesha misuli, katika hatua za mwanzo. Kwao, mchana, kwenye kiti cha magurudumu, mkanda una heshima ambayo barakoa ya mashine ya kupumulia haina: uso uko wazi, mtu anakula, anaongea, na haoti vidonda puani.

Tukija kwenye utengenezaji, kosa la kwanza hufanyika kwenye kamba. Kamba au msuli wa McKibben ukizungushwa kiunoni hubana kwa kadiri ya mpindo wa mwili chini yake. Shinikizo ni mvuto wa mkanda ukigawanywa kwa nusu kipenyo na kwa upana. Kwa kiuno cha mzingo wa sentimita 90 na mkanda wa upana wa sentimita 15, kupata shinikizo la sentimita 40 za maji (karibu kilopaskali 4) unahitaji mvuto wa newtoni 85 hivi, sawa na uzito wa kilo 9 kasoro. Hesabu hiyo ni ya mwili wa duara. Mgonjwa aliyekonda, tumbo limeingia ndani, hana mpindo wowote mbele. Mkanda unapita juu ya bonde kama daraja na nguvu yote inaishia kwenye mifupa ya nyonga na mbavu za pembeni. Unaongeza mvuto, ngozi ya nyonga inachubuka, tumbo halijaguswa. Mfuko wa hewa hauna ugonjwa huo, maana unajaza bonde kwanza kisha unasukuma. Lakini nao unahitaji ganda la nje lisilonyooka, la turubai au nailoni nzito, la sivyo unavimba kuelekea nje, sawa na tubu iliyojazwa bila tairi. Ganda hilo likae chini ya mbavu na juu ya nyonga. Likipanda na kufunika mbavu za chini, linazuia hata upanuzi aliobaki nao mgonjwa.

Halafu hewa. Tuseme mfuko unameza lita 1.5 na unatakiwa ujae ndani ya nusu sekunde. Hiyo ni lita 180 kwa dakika. Wanafunzi wengi wa uhandisi huanza na pampu ndogo za aina ya zile za matangi ya samaki. Pampu ya lita 5 kwa dakika ingehitaji sekunde 18 kuujaza mfuko mara moja, na mgonjwa ameshapumua mara tano. Kinachofaa ni blowa ya aina inayotumika kwenye mashine za barakoa: shinikizo dogo, hewa nyingi. Mrija uwe mpana, milimita 22 kama ile ya kawaida ya vifaa vya kupumulia. Ukitumia mrija wa milimita 6 kwa ajili ya urembo, umeshaua kifaa. Misuli ya McKibben inataka kinyume, hewa kidogo kwa shinikizo la mamia ya kilopaskali, na hiyo maana yake ni kompresa inayonguruma kitandani usiku kucha.

Umeme si tatizo kubwa kama wengi wanavyodhani. Kusukuma lita 1.5 kwa kilopaskali 4 ni julu 6 kwa pumzi. Kwa pumzi 15 kila dakika ni wati 1.5. Blowa hupoteza sehemu kubwa ya nishati, basi weka wati 15. Saa nane zinataka wati-saa 120, betri ya karibu kilo 1 pamoja na kasha lake. Inabebeka. Swali gumu zaidi ni kinachotokea umeme ukikatika au programu ikiganda. Vali ya kutolea hewa lazima iwe ya kufunguka yenyewe pale umeme unapokosekana, ili mkanda ulegee. Ukibaki umebana, umemwachia mgonjwa dhaifu mzigo juu ya tumbo.

Kulegea ndiyo nusu iliyosahaulika. Mtu anayehema mara 30 kwa dakika ana sekunde 2 kwa kila pumzi, na karibu 1.2 kati ya hizo ni za kutoa. Mkanda ukichelewa sekunde 0.3 kubana, umepoteza robo ya kazi yake. Hasara, lakini inavumilika. Ukichelewa sekunde hizohizo kulegea, mgonjwa anaanza kuvuta pumzi dhidi ya shinikizo lililobaki, na kifaa kilicholetwa kumpunguzia kazi kinamwongezea. Kwa hiyo tundu la kutolea liwe pana kuliko la kuingizia, na vali ikae kwenye mkanda wenyewe, pale mfuko ulipo, badala ya kwenye sanduku mwisho wa mrija wa mita moja na nusu.

Nani anauambia mkanda kwamba pumzi imeanza? Kihisi cha mpira unaonyumbulika kifuani ni rahisi, ila kikikaa karibu na mfuko kinaona msukumo wa mfuko na kudhani ni mgonjwa. Kifaa kinaanza kujijibu chenyewe, kinabana mara 40 kwa dakika, na mgonjwa anahangaika kukifuata. Umeme wa misuli unaosomwa juu ya ngozi hutoa ishara mapema, lakini mapigo ya moyo yanaufunika na jasho linalegeza vibandiko. Mrija mwembamba wa puani unaosoma shinikizo la pumzi ndio ninaouamini zaidi, pamoja na kanuni ya programu kwamba baada ya kubana mara moja, ishara yoyote ya muda mfupi unaofuata inapuuzwa. Mgonjwa akipumulia mdomo, nao unapofuka. Vihisi viwili vya aina tofauti, basi.

Lakini ningekuwa na fedha za kuwekeza kwenye kazi moja tu ya roboti hizi, ningeziweka kwenye kikohozi. Aliyepooza mara nyingi hadhuriwi na pumzi ya kila siku. Anadhuriwa na mafua yanayoshuka kifuani, makohozi yasiyotoka, kisha nimonia. Kikohozi kinapimwa: mgonjwa anakohoa kwa nguvu ndani ya kile kipimo cha mkono cha wagonjwa wa pumu, kikiwa kimeunganishwa na barakoa isiyovuja. Chini ya lita 270 kwa dakika, homa ya kifua inaweza kumshinda, na msaada wa kukohoa unahitajika. Chini ya 160, makohozi hayatoki kwa nguvu zake mwenyewe. Hapa udhaifu wa vazi unakuwa sifa, kwa kuwa kukohoa ni kutoa, na kutoa ni kusukuma. Tena halihitaji kufuata kila pumzi kwa siku nzima. Linahitaji kubana mara chache, kwa nguvu na kwa wakati.

Utaratibu ni huu. Mgonjwa ajazwe hewa kwanza, maana kikohozi cha mapafu matupu hakisukumi kitu: pumzi mbili au tatu za mfuko wa Ambu, ule wa kupumulisha unaobonyezwa kwa mkono, zinarundikwa juu ya nyingine huku akifunga koo baada ya kila moja. Anapofungua koo kukohoa, mkanda unabana ndani ya sehemu ya kumi hadi mbili za sekunde. Blowa haifiki huko. Unahitaji chupa ndogo ya hewa iliyoshindiliwa. Na hapa pana hatari ambayo hesabu ya sekondari inaionyesha. Chupa ya lita 1 yenye kilopaskali 200 juu ya shinikizo la kawaida, ikifunguliwa yote ndani ya mfuko mtupu wa lita 1.5, inaacha kilopaskali 20 hivi. Hizo ni sentimita 200 za maji juu ya tumbo la mtu. Vali ya usalama ya springi, inayofunguka sentimita 80 hata kompyuta ikiwa imekufa, si ya kujadiliwa.

Mvaaji wa namna hii mara nyingi hahisi tumbo lake, na hilo linabadilisha kila kitu. Mshono, bizimu au kichwa cha mrija vinaweza kumla ngozi naye asijue. Kagua ngozi kila mkanda unapovuliwa, na wekundu usiofifia ndani ya nusu saa ni sababu ya kuupumzisha. Usifungwe mara tu baada ya chakula, kwani kinachopanda si kiwambo pekee. Kwa aliyeumia kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu, mbano au mpira wa mkojo uliokunjwa chini ya mkanda unaweza kurusha shinikizo la damu ghafla: kichwa kinamgonga, anatoka jasho usoni, mapigo yanakuwa ya polepole. Mkanda unafunguliwa kwanza, anaketishwa wima, kisha ndipo mpira wa mkojo unaangaliwa.

Huku kwetu wagonjwa wapo. Kilimanjaro kuanguka kutoka juu, mitini hasa, ni chanzo kikubwa cha kuumia uti wa mgongo, na ajali za bodaboda hazihitaji takwimu. Nairobi kuna hospitali ya taifa ya rufaa kwa majeruhi wa uti wa mgongo; Dar es Salaam kuna MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili. Sioni haja ya wodi hizo kuisubiri roboti. Mkanda wa kawaida wa kunyumbulika, ukifungwa mgonjwa anapoketishwa, hukirudisha kiwambo mahali pazuri pa kufanyia kazi na kumwongezea hewa. Mikono miwili ya ndugu iliyofunzwa, viganja chini ya mbavu na juu ya kitovu, ikisukuma ndani na juu kwa pigo moja mgonjwa anapokohoa, hufanya kazi ileile ya chupa na vali, isipokuwa kwa mwenye mbavu zilizovunjika au aliyepasuliwa tumbo karibuni.

Na hicho ndicho kipimo cha kumpa muuzaji wa kwanza atakayepanda ngazi za hospitali na begi lake. Apime kikohozi cha mgonjwa yuleyule mara tatu: peke yake, kwa mikono ya ndugu yake, na kwa roboti. Apime pia hewa ya kila pumzi mgonjwa akiwa ameketi, kisha akiwa amelala. Halafu achomoe waya ukutani na betri kwenye kasha, mkanda ukiwa umebana, sote tukitazama unachukua muda gani kulegea.